Msaada: utafiti wa mwaka wa tatu kuhusu majina ya kanga. Mada imerudishwa, na sampuli sijui iwe ngapi

Doti_Mbili

Wakuu, heshima kwenu. Niko mwaka wa tatu, ualimu, somo la kufundishia Kiswahili. Muhula huu tuna kazi ya utafiti: wiki 12, kurasa zisizozidi 40 bila kuhesabu viambatisho. Mada niliyompelekea msimamizi ni "Ujumbe wa Kanga na Nafasi Yake katika Jamii ya Waswahili". Imerudi na neno moja pembeni: "Pana."

Mpango nilionao ni kugawa hojaji kwa wanawake 100 hapa Dar, halafu nipige picha za kanga madukani. Mwenzangu ananiambia sampuli lazima ikokotolewe kwa fomula ya Yamane (ya kukadiria ukubwa wa sampuli) la sivyo sura ya tatu, ile ya mbinu za utafiti, itakataliwa. Sasa N yangu, yaani jumla ya wote ninaochagua kutoka kwao, ni ipi? Wanawake wote wa Dar au kanga zote zilizowahi kuchapwa?

Ninaomba mnisaidie kwenye haya:
1. Mada naipunguzaje?
2. Sampuli iwe ngapi, na niitetee vipi?
3. Nadharia ni lazima? Nimeona wengi wanaiweka sura ya pili halafu haionekani tena.
4. Kwenye mapitio ya maandiko naruhusiwa kuandika "hakuna mtafiti aliyewahi kuchunguza suala hili"?

Nawasilisha.

kalamu_nyekundu

Msimamizi wako yuko sahihi, ila neno moja halimtoi mtu shimoni, kwa hiyo tulifungue.

Mada yako imebeba mizigo mitatu: ujumbe, nafasi, na jamii ya Waswahili. Huo wa tatu peke yake watu wanaugombania mpaka leo, kwamba Mswahili ni nani. Kurasa 40 haziwezi. Mada ya ukubwa wako hufungwa kwa kutaja kitu gani, upande wake upi, wapi, na data inatoka kwenye nini. Kanga ina pindo (ukingo unaoizunguka), mji (sehemu ya katikati) na jina (maneno yaliyoandikwa juu yake). Wewe ni mtu wa lugha. Pindo na mji waachie watu wa sanaa, chukua jina. Jina nalo lina pande zake: muundo wa sentensi, tamathali, mada zinazojirudia, kazi linayofanya. Chukua upande mmoja. Kwa mfano: "Vitendo Uneni katika Majina ya Kanga Zinazouzwa Mtaa wa Uhuru, Dar es Salaam". Vitendo uneni ni yale mtu anayoyafanya kwa kusema, kama kuahidi, kuamuru au kusifu. Mtu akisoma hapo anajua utakwenda wapi na utarudi na nini.

Kipimo ninachokiamini ni hiki: taja data yako MOJA ni kitu gani. Kwa mada mpya, data moja ni jina moja la kanga lililopigwa picha dukani. Kwa mada ya zamani, data moja ni nini? Jibu la mwanamke kwenye hojaji? Picha? Methali? Ukishindwa kuitaja data moja, hiyo si mada bado, ni eneo.

Tamko la tatizo ndipo wengi wanapoanguka, kwa sababu wanaandika historia ya kanga kurasa mbili halafu wanamalizia "hivyo mtafiti ameona umuhimu wa kuchunguza". Hapo hakuna tatizo, kuna hamu tu. Aya moja inatosha, yenye kinachojulikana, kisichojulikana, na hasara ya kutokukijua. Itazame hii kama mfano wa umbo, maneno utaweka yako:

"Tafiti kadhaa zimeonyesha kuwa majina ya kanga hutumika kufikisha ujumbe ambao mvaaji asingependa kuutamka. Tafiti hizo zimejikita zaidi katika utumiaji wa kanga baina ya watu. Namna sentensi ya jina lenyewe inavyobeba kitendo, mathalani swali linalofanya kazi ya sifa, haijafafanuliwa vya kutosha kwa kanga zinazouzwa sasa Dar es Salaam. Bila ufafanuzi huo, mwalimu wa Kiswahili anayetumia majina ya kanga kufundishia aina za sentensi hubaki na umbo bila matumizi."

Sentensi nne. Ile ya mwisho imefungwa kwenye fani yako ya ualimu, kwa hiyo hata "umuhimu wa utafiti" umeshapata pa kuanzia.

Malengo mahsusi yawe matatu na si zaidi. Kubainisha aina za vitendo uneni vilivyomo katika majina hayo. Kueleza uhusiano wa muundo wa sentensi na kitendo. Kulinganisha (hili ukitaka) majina yaliyo methali na yasiyo methali. Kitenzi cha lengo kiwe kinachopimika. "Kujua" na "kuelewa" ni vya moyoni mwako, msahihishaji hawezi kuviona. Kila lengo lizae swali moja la utafiti, na kila swali lizae sehemu moja ya sura ya nne, ile ya uchanganuzi wa data. Ukiona lengo la pili halina sehemu yake sura ya nne, kuna kitu umekitupa njiani.

Nadharia: kwa mada hii si pambo. J. L. Austin ndiye aliyeweka msingi wa vitendo uneni na John Searle akavigawa katika makundi matano: kueleza hali, kuelekeza, kuahidi, kuonyesha hisia, na kutangaza kunakobadilisha hali papo hapo, kama hakimu anapohukumu. Makundi hayo ndiyo yatakuwa safu ya jedwali lako. Ikiwa nadharia haikupi safu ya jedwali wala swali la kuuliza data, iondoe utafute nyingine. Jambo dogo: mhadhara wa Austin ulichapishwa 1962, miaka miwili baada ya kifo chake, kwa hiyo usiandike "Austin (1962) anasisitiza tena baada ya kukosolewa" kama nilivyowahi kuona kwenye rasimu fulani. Marehemu hakujibu mtu.

Na la nne: "hakuna aliyewahi kuchunguza" usiliandike kabisa. Msahihishaji akikuta makala moja tu, sura nzima imekwisha. Na makala zipo. Saida Yahya-Othman ameandika kuhusu majina ya kanga na sauti ya wanawake (1997), Rose Marie Beck ameandika kuhusu utata wa kanga kama chombo cha mawasiliano (2001), na zote mbili zinasomeka bure mtandaoni kupitia jarida la Swahili Forum. Anzia hapo, kisha pitia majarida ya TATAKI (Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam), *Kiswahili* na *Mulika*. Soma makala 8 hadi 10 sawasawa. 30 za kuparura hazisaidii. Kwa kila moja andika mistari mitano: alichunguza nini, wapi, kwa data gani, akapata nini, hakugusa nini. Ule mstari wa tano ukiujumlisha kwa makala zote ndio mwanya wako.

Jedwali

Nakubaliana na kalamu kwa mengi. Mimi nashughulikia sampuli.

Fomula ya Yamane ni n = N ÷ (1 + N × e²), ambapo n ni sampuli, N ni jumla ya wote na e ni kosa unalolikubali. Ukiwa na shule yenye wanafunzi 400 na unakubali kosa la 0.05, basi 400 × 0.0025 ni 1, ukijumlisha 1 unapata 2, 400 ÷ 2 ni 200. Sawa kabisa. Lakini fomula hiyo inadai mambo mawili: ujue N, na uchague kwa bahati nasibu kutoka kwenye orodha. Kanga hazina orodha. Kila wiki zinaingia za jina jipya na za jina la zamani kwa pindo jipya. Anayekuambia uitumie amezoea tafiti za hojaji mashuleni na anadhani ndiyo sheria ya tafiti zote. Andika wazi: sampuli ni ya makusudi, vigezo ni hivi na hivi, ukomo ni huu. Hapo hakuna wa kukukataa.

Vigezo ambavyo ningeviweka: kanga iwe inauzwa siku uliyoikuta, jina liwe la Kiswahili, isiwe ya chama, mkutano wala maadhimisho, kwa sababu hizo jina lake hutungwa na mwandaaji na halikuwekwa sokoni lichaguliwe na mnunuzi. Ukizichanganya, utapata "kuelekeza" nyingi kupita kiasi na hutajua zimetoka wapi.

Ukomo: maduka 6, kila duka picha 25 za majina tofauti, jumla 150. Ukiondoa yanayojirudia kati ya duka na duka, ukibakiwa na 90 hadi 110 unayo kazi. Yanayojirudia usiyafute kimyakimya. Weka safu ya "limeonekana mara ngapi".

Sasa dukani kwenyewe. Kanga hupangwa zimekunjwa, jina halionekani. Ili ulione, muuzaji lazima aifungue na baadaye aikunje tena. Kanga 25 ni kazi ya kumchosha mtu. Nenda asubuhi katikati ya wiki, usiende mwisho wa mwezi wala siku za kuelekea Idi. Beba barua ya utambulisho ya chuo, eleza kwa sentensi mbili, omba ruhusa ya kupiga picha za kanga tu, usipige sura ya mtu wala bango la duka. Maduka yaite D1 hadi D6. Kununua doti moja si rushwa, ni adabu, na uiweke kwenye bajeti.

Doti moja ni kanga mbili zisizokatwa zenye jina lilelile, hivyo piga picha upande mmoja. Kila kanga picha mbili: ya kwanza kanga nzima, ya pili jina kwa karibu kiasi cha kusoma kila herufi. Jioni hiyohiyo badilisha majina ya mafaili: D3_017a, D3_017b. Ukisubiri wiki, utakuwa na picha 300 zinazoanza na IMG na hutajua ipi ni ya duka gani. Nakili sehemu mbili, kwenye kompyuta na kwenye barua pepe yako.

Jedwali la Excel, mstari mmoja kwa jina moja, safu hizi: namba, tarehe, duka, jina KAMA LILIVYOANDIKWA, jina kwa tahajia sanifu, umbo la sentensi, kitendo, methali au si methali, maoni. Tazama majina manne yanavyoingia:

NANI KAMA MAMA. Umbo: swali. Kitendo: kuonyesha hisia (sifa).
USISAFIRIE NYOTA YA MWENZIO. Umbo: amri kanushi. Kitendo: kuelekeza.
JAPO SIPATI TAMAA SIKATI. Umbo: taarifa. Kitendo: hapa utakwama. Ni kueleza hali au kuahidi?
HASIDI HANA SABABU. Umbo: taarifa. Kitendo: kwa maandishi ni kueleza hali, kwa mtaani kila mtu anajua ni kijembe.

Hayo mawili ya mwisho ndiyo yatakayokupa alama. Kabla hujaendelea na jina la tano, andika kanuni: "Taarifa ya nafsi ya kwanza inayohusu msimamo wa baadaye itahesabiwa kuahidi." Kanuni hizo zikusanye ukurasa mmoja, zitaingia kwenye viambatisho. Ukimaliza majina yote, chagua 20 kwa bahati nasibu, mpe mwenzako na ule ukurasa wa kanuni, mwache aainishe bila kuona majibu yako. Mkikubaliana chini ya 16 kati ya 20, kosa ni la kanuni zako. Ziandike upya, urudie. Mkifika 17 au 18, ripoti hivyohivyo sura ya tatu. Shahada ya kwanza ni wachache wanaofanya hivi na msahihishaji anakiona mara moja.

Hojaji ya wanawake 100 itupe. Haijibu lengo lolote kati ya matatu ya kalamu. Kuchapa, kugawa, kufuatilia na kuingiza ni wiki tatu zinazoliwa na swali usilokuwa nalo.

Mvita_Leso

Huku Mombasa twaita leso, na kwenye mapitio utakutana na neno hilo. Usidhani ni kitu kingine. Ukitafuta makala tafuta kwa maneno yote mawili, ukitafuta "kanga" peke yake maandiko mengi ya pwani ya Kenya yatakupita.

La pili, tahajia. Jedwali kasema safu mbili na ana haki, ila nakutilia mkazo: ile ya "kama lilivyoandikwa" usiiguse. Ukikuta WACHE WASEME usiandike "waache". Ukikuta MTAKA CHA MVUNGUNI SHARUTI AINAME, "sharuti" si kosa la kiwandani. NAZI MBOVU HARABU YA NZIMA, wako wanafunzi wameandika "haribu" wakidhani wanasahihisha, kumbe *harabu* ni neno kamili, maana yake kiharibifu, lipo kamusini. Majina mengi yana asili ya lahaja na ushairi, na mizani yake hukatika ukisanifisha. Hesabu mwenyewe: JAPO SIPATI ni mizani tano, TAMAA SIKATI ni mizani sita, na vina ni "ti" kwa "ti". Hilo nalo ni la kusema katika uchanganuzi.

La tatu: si kila maandishi kwenye kanga ni jina. Jina hukaa ndani ya mji, sehemu ya chini ya katikati, mara nyingi ndani ya kisanduku chake. Yale madogo ya ukingoni ni ya mchapishaji. Leso za Kaderdina wa hapa Mtaa wa Biashara huandikwa MALI YA ABDULLA. Hiyo ni alama ya biashara. Ukiiingiza kwenye jedwali ukaichanganua kama kitendo cha "kutangaza umiliki", utachekwa na kila mwanamke wa pwani.

Na historia iwe aya moja. Ile ya ndege kanga na madoadoa, na kwamba majina yalianza kwa hati za Kiarabu kabla ya za Kilatini, kila msahihishaji ameisoma mara mia.

kalamu_nyekundu

Jedwali, kwenye hojaji tuko pamoja, lakini usaili usiutupe. Umesema mwenyewe HASIDI HANA SABABU mtaani ni kijembe. Nani kasema? Mtafiti hawezi kujiita shahidi. Akibaki na picha peke yake, analoweza kudai ni kile ambacho sentensi inaweza kufanya. Akitaka kudai inafanya, anahitaji watu.

Usaili wa wanawake 8 hadi 10, dakika 20 kila mmoja, majina 6 yaleyale kwa wote. Na swali lisiwe "Je, huwa unavaa kanga kumsema jirani?" Hilo linamlaumu mtu kabla hajajibu, wote watasema hapana. Mwonyeshe picha ya WACHE WASEME, uliza: "Ukipewa kanga hii na mama yako, utaelewa anakuambia nini?" Halafu: "Na ukipewa na wifi yako?" Jina ni lilelile, mtoaji kabadilika. Ukipata tofauti hapo umepata sura ya nne ambayo haijatoka kwenye kitabu cha mtu. Ridhaa iombwe kabla ya kurekodi, majina yao yawe M1, M2 na kuendelea.

Jedwali

Kwa wiki 12? Kunukuu usaili mmoja wa dakika 20 neno kwa neno si chini ya saa mbili. Kumi ni saa 20, na bado hajaainisha majina 100. Akitaka, afanye 6, na anukuu tu vipande atakavyovitumia. Na lengo la pili libadilishwe ili usaili uwe na pa kukaa, usije ukaning'inia.

Sura_ya_Nne

Sita zinatosha, twende kwenye kuandika maana hapo ndipo wiki zinapoyeyuka.

Kurasa 40 zigawe kabla hujaandika neno: sura ya kwanza 6, ya pili 8, ya tatu 5, ya nne 16, ya tano 5. Rasimu nyingi zinazorudishwa zina sura ya pili kurasa 18 na ya nne kurasa 7, yaani mtafiti kaeleza kazi za wenzake mara mbili zaidi ya yake.

Ratiba inayobeba: wiki ya 1 na 2 kusoma na mada, ya 3 pendekezo la utafiti, ya 4 pendekezo liko kwa msimamizi, nawe usikae bure, jaribu jedwali kwa kanga 10 za nyumbani, ya 5 na 6 madukani, ya 7 kuainisha, kupima makubaliano, kisha usaili, ya 8 na 9 sura ya nne, ya 10 sura ya tano, kisha kurudi sura ya kwanza kurekebisha malengo yaliyokengeuka, ya 11 rasimu kamili kwa msimamizi, ya 12 marekebisho na kuchapa. Ikisiri, yaani muhtasari wa kazi nzima, ni ya mwisho kabisa. Wanaoiandika mwanzo huishia kuahidi kitu ambacho kazi haina.

Aya ya sura ya nne ina mfupa wake: dai, data, ufafanuzi, kisha uhusiano na waliotangulia. Kosa la kawaida ni kuweka data halafu kuitafsiri: "Jina NANI KAMA MAMA linamaanisha hakuna aliye kama mama." Hapo umesema upya alichosema mchapa kanga. Linganisha na hii: "Katika (14) umbo ni la swali, ila hakuna jibu linalotarajiwa; kiulizi *nani* kinafuta uwezekano wa mtajwa mwingine yeyote, na hivyo swali linafanya kazi ya sifa." Mifano yote ipe namba mfululizo, (1), (2), (3), uweze kuirejelea bila kuinakili tena.

Asilimia: kwa majina 100 zinakubalika. Kwa wasailiwa 6 usiandike "asilimia 83.3 walikubali". Andika 5 kati ya 6. Na grafu ya duara kwa kila kipengele ni kujaza kurasa. Jedwali moja linatosha.

Njeo. Pendekezo huandikwa kwa -ta-: "utafiti huu utachunguza". Ripoti ni kwa -li-: "utafiti huu ulichunguza". Watu hunakili sura tatu za pendekezo na kusahau. Kwenye Word tafuta "utafiti huu uta", "mtafiti ata", "data zita", "maduka yata", badilisha moja moja kwa macho. Ukibonyeza badilisha zote kwa "uta" utaharibu "utafiti", "utamaduni" na "utani" kwa mpigo.

Istilahi: chagua moja ukae nayo. Usaili au mahojiano, uchanganuzi au uchambuzi, "data hii" au "data hizi". Ukibadili kila ukurasa msomaji anadhani ni vitu viwili.

Marejeleo ndiyo yanayokula usiku wa mwisho. Kila chanzo kiandike siku unayokisoma: mwandishi, mwaka, kichwa, jarida, toleo, kurasa. Vyeo havimo, hakuna Prof. wala Dkt. kwenye orodha. Saida Yahya-Othman anakaa kwenye Y. Kamusi ya taasisi inakaa kwa jina la taasisi, yaani TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, ambayo sasa ni TATAKI), na toleo lake litajwe. Ulichokisoma kupitia kwa mwingine andika "kama anavyonukuliwa na", na kwenye orodha anaingia yule uliyemsoma kwa macho yako tu. Kutafsiri aya ya Kiingereza kwenda Kiswahili bila kutaja mwenyewe ni wizi uleule, hata kama programu ya kukagua haikuikamata. Na programu za akili mnemba hutunga marejeleo yenye sura nzuri kabisa: mwandishi wa kweli, jarida la kweli, makala isiyokuwepo. Usichoweza kukifungua ukaona ukurasa, kisiingie.

Kuchapa: vichwa vya sura vipangwe kwa mitindo ya Word ili yaliyomo yajitengeneze, ukingo wa kushoto uwe mpana kuliko mingine kwa ajili ya kufungia (mwongozo wa idara yako utasema kiasi), kurasa za mwanzo kwa namba za Kirumi. Peleka steshenari PDF. Faili la Word likifunguliwa kwenye kompyuta ya pale, jedwali lako la safu tisa linatambaa ukurasa mzima.

Doti_Mbili

Wakuu, nimeshiba. Nimeandika upya, naomba macho yenu kabla sijapeleka kesho:

Mada: "Vitendo Uneni katika Majina ya Kanga Zinazouzwa Mtaa wa Uhuru, Dar es Salaam"
Malengo: (i) kubainisha vitendo uneni katika majina ya kanga, (ii) kueleza uhusiano wa umbo la sentensi na kitendo, (iii) kuchunguza namna mtoaji wa kanga anavyoathiri kitendo kinachoeleweka.
Data: majina 100 hivi kutoka maduka 6, usaili wa wanawake 6, majina 6 yaleyale.

Lile la methali nimelitoa. Wasailiwa nichukue akina nani?

kalamu_nyekundu

Imekaa. Lengo la (iii) limepata usaili wake, kama Jedwali alivyotaka. Rekebisha viwili.

Kwenye (i) ongeza "zinazouzwa Mtaa wa Uhuru", la sivyo lengo ni pana kuliko mada. Na mada inasema "zinazouzwa", wakati (iii) inahusu kanga iliyokwisha kununuliwa na kutolewa. Sehemu ya mipaka ya utafiti iseme kwamba majina ya usaili yametokana na yaleyale 100 ya madukani. Sentensi moja inamaliza.

Wasailiwa: wawe wanaovaa na kupeana kanga, wakazi wa Dar, watatu chini ya miaka 35 na watatu juu ya 50. Usichukue wauzaji, muuzaji atakueleza ipi inatoka sana. Na majina yale 6 uyachague baada ya kuainisha, matatu ambayo wewe na mwenzako mlikubaliana na matatu mliyobishana.

Mvita_Leso

Na uwaonyeshe leso yenyewe au picha nzima, usiwasomee jina kwa mdomo. Ukilisoma unaliwekea sauti yako, na kijembe kiko kwenye sauti.